Kuendesha kampuni ya kutazama nyangumi bila kuwasumbua: nianzie wapi?

BotiMoja aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninajiandaa kufungua kampuni ndogo ya kuwapeleka wageni baharini kutazama nyangumi. Nitaanza na boti moja ya abiria wasiozidi 20, na nahodha niliyekubaliana naye ana cheti na uzoefu wa miaka mingi, ingawa kazi yake hadi sasa imekuwa uvuvi na uchukuzi wa mizigo, si utalii. Nyangumi wanaopita katika maji yetu ni wale wenye nundu, ambao huja wakati wa msimu wa kuzaa, hivyo mara nyingi tutakaowaona ni mama na ndama wake.

Kanuni za umbali nimezisoma, na leseni naishughulikia. Kinachonikosesha usingizi ni yale ambayo karatasi ya kanuni haiyasemi. Nahodha amkaribie vipi mnyama ambaye yuko chini ya maji kwa muda mwingi kuliko anavyokuwa juu? Wageni niwaahidi nini? Tukae na mama na ndama kwa muda gani kabla ya kuwaacha? Tena, nikiwa mkweli kuhusu mapato, mshindani akitangaza kwamba kwake nyangumi huonekana kwa karibu kabisa, mimi ninayekaa mbali nitabaki na wateja gani? Ningefurahi kupata majibu ya watu wanaoifanya kazi hii, pamoja na wanaowachunguza nyangumi kitaalamu.

MwendeshaSafari alijibu:

Ndugu BotiMoja, umefanya vyema kuuliza kabla hujajaza mafuta ya safari ya kwanza. Nimekuwa katika biashara hii kwa muda mrefu, na nitakueleza lile ninaloliona kuwa shina la mengine yote: nyangumi husumbuliwa baharini, lakini usumbufu huo huanza kuuzwa nchi kavu, pale dirishani pa tiketi. Ukimwahidi mgeni kwamba atamwona nyangumi kwa karibu, umeshampa nahodha wako amri ya kumfukuza mnyama, hata kama mkataba wake unasema kinyume. Fikiria hali yake: amesimama kati ya kanuni ya umbali na abiria 20 waliolipa, upepo unazidi, saa ya kurudi inakaribia, na nyangumi pekee aliyeonekana siku hiyo anaelekea kwingine. Akiongeza mwendo, wa kwanza kuulizwa awe yule aliyeandika tangazo.

Kwa hiyo anza na maneno ya tangazo lenyewe. Sema waziwazi kwamba wanyama hawa wako huru, kwamba wewe huwalishi wala huwafungi, na kwamba umbali unaoutunza ni sehemu ya huduma unayoiuza. Picha nazo ni ahadi. Picha iliyopigwa kwa lenzi ndefu, ikamwonyesha nyangumi amejaa fremu nzima, humfanya mteja aamini kwamba ndivyo atakavyomwona kwa macho yake, na akifika baharini anaanza kudai kile alichokiona kwenye tangazo. Tumia picha zinazoonyesha boti, maji yaliyo katikati na mnyama kwa pamoja, ili mtu ajue umbali halisi kabla hajatoa fedha yake.

Kuhusu siku ambayo hakuna nyangumi aliyeonekana, weka utaratibu wa marejesho na uuandike kwenye tiketi. Kampuni ya Whale Watch Kaikōura ya New Zealand, iliyoanzishwa mwaka 1987 na familia za Wamaori ambazo ziliweka nyumba zao rehani ili kupata mtaji, inajulikana kwa kurudisha asilimia 80 ya nauli pale safari inapomalizika bila nyangumi kuonekana. Watu wengi huusifu utaratibu huo kwa sababu unamfurahisha mteja. Mimi naupenda kwa sababu unamwondolea nahodha mzigo: akijua kwamba kampuni imeshaukubali uwezekano wa kurudi mikono mitupu, hana haja ya kumkimbiza mnyama aliyechoka ili kuokoa mapato ya siku. Weka gharama hiyo katika hesabu za msimu tangu mwanzo, kama unavyoweka mafuta na bima.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni malipo ya mabaharia. Usiwape nyongeza kwa idadi ya nyangumi walioonekana, wala usiwaache waishi kwa bakshishi, kwa sababu bakshishi hupanda kadiri boti inavyosogea. Walipe mshahara kamili unaotosha, na umpe nahodha mamlaka ya kuvunja utazamaji wakati wowote bila kukuomba ruhusa na bila kuulizwa maswali mbele ya wageni.

Ama kuhusu mshindani wako, usiogope kupita kiasi. Tathmini ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2009 ilikadiria kwamba mwaka 2008 watu wapatao milioni 13 walikwenda kutazama nyangumi na pomboo katika nchi na maeneo 119, wakiingiza dola za Marekani takriban bilioni 2.1. Katika umati wa namna hiyo wamo wengi ambao huona haya wanapogundua kwamba burudani yao imemfanya mama akimbie na mtoto wake, na watu hao huandika maoni yao mtandaoni kwa ukali sana.

TeziNaOmo alijibu:

Mimi ni nahodha wa boti za utalii, kwa hiyo nitajibu swali lako la kumkaribia mnyama. Kanuni hutofautiana kwa nchi na kwa aina ya nyangumi, na ile ya kwenu ndiyo sheria yako, lakini mpangilio unaofuatwa Australia ni mzuri kujifunzia. Huko kuna eneo la tahadhari linaloanzia mita 300 kutoka kwa nyangumi, ambamo boti haitakiwi kuzidi mwendo wa noti 6, yaani kama kilomita 11 kwa saa, na haziruhusiwi kuwamo zaidi ya boti 3 kwa wakati mmoja. Ndani yake kuna mpaka wa mita 100 ambao boti haiuvuki. Akiwapo ndama, boti inabaki nje ya mita 300 kabisa. Ikiwa kanuni ya kwenu ni legevu kuliko hiyo, hakuna anayekukataza kujiwekea iliyo kali zaidi, na kwa kuwa nyangumi wako wengi watakuwa na ndama, mimi ningekushauri ufanye hivyo.

Kosa ninaloliona kwa manahodha waliotoka kwenye uvuvi, ambao kwa mambo mengine ni hodari kuliko sisi, ni kulenga mahali nyangumi alipo. Mvuvi amezoea kwenda moja kwa moja penye samaki. Huku usimwendee mnyama kutoka nyuma, kwa sababu kwake huko ni kufukuzwa, wala usimkate mbele, kwa sababu hapo unamzibia njia na kumlazimisha achague kati ya kupinda na kuzama. Njoo kwa ubavuni, ukiwa nyuma yake kidogo, kisha nyoosha boti iende sambamba naye kwa mwendo usiozidi wake. Mwendo ubaki mmoja. Kupandisha na kushusha gia, na hasa kupiga rivasi kwa nguvu, husababisha pangaboi kuchemsha maji na kutoa kelele mbaya kuliko ile ya kwenda taratibu mbele.

Sasa, ukiwa bado mbali, zima haraka yako na uanze kusoma maji. Nyangumi mwenye nundu anapokwenda polepole chini ya uso wa maji, kila pigo la mkia husukuma maji juu na kuacha duara laini lenye kung'aa kama mafuta yaliyomwagika, na duara hilo hubaki kwa muda hata pakiwa na viwimbi pembeni. Duara la kwanza, la pili na la tatu yakijipanga, tayari una mstari wake wa safari, na unaweza kukadiria atakapotokea bila kumfuata. Mweke baharia mmoja omo, yaani mbele ya boti, na mwingine tezi, yaani nyuma, kila mmoja na upande wake wa kuangalia, na mmoja ahesabu pumzi: mnyama alipumua mara ngapi, kisha akazama dakika ngapi. Ukishaupata utaratibu wake wa kawaida, utatambua unapobadilika. Akianza kukaa chini kwa muda mrefu zaidi, akipinda kila unapopinda, akipiga maji kwa mkia tena na tena wakati mwanzo alikuwa ametulia, au mama akijiweka kati yako na ndama, muda wako umekwisha hata kama saa inasema bado. Ondoka taratibu, usiongeze mwendo mpaka uwe umevuka mita 300.

Mara nyingine nyangumi mwenyewe atakuja kwenye boti. Weka injini nyutro, wanyamazishe wageni, mwache apite na aondoke kwa hiari yake. Usiwashe ghafla wakati yuko chini yako. Hakikisha kwanza umemwona ametokea mbali nawe.

MtafitiBahari alijibu:

Napenda kuongezea sababu za hayo aliyoyaeleza nahodha, kwa maana mabaharia wakizielewa sababu huzishika kanuni hata pasipo msimamizi.

Mama wa nyangumi mwenye nundu aliye katika maji ya kuzalia yuko katika mfungo. Alikula katika maji ya baridi, akahifadhi mafuta chini ya ngozi, na kwa miezi kadhaa anaishi kwa akiba hiyo huku akiibadilisha kuwa maziwa mazito ya kumkuza ndama aliyezaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hadi 5. Akiba hiyo haijazwi mpaka arudi tena kwenye malisho, safari ya maelfu ya kilomita. Ndiyo maana mama anayeonekana amelala tu karibu na uso wa maji, hafanyi lolote, yuko kazini: anabana matumizi. Ndama hupanda kupumua mara nyingi zaidi yake, huzunguka kidogo, kisha hurudi chini ya kidevu cha mama. Wageni huliona tukio hilo kuwa la kuchosha na humwomba nahodha asogee ili "kitu kitokee". Hapo ndipo madhara yanapoanza.

Kelele ni sehemu ya madhara hayo kuliko wengi wanavyodhani. Sauti husafiri majini kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya mwendo wake hewani, na nyangumi huisikia boti muda mrefu kabla ya kuiona. Katika Ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, watafiti waliwapigia mama na ndama sauti za injini kwa viwango mbalimbali kutoka kwenye chombo kilichokuwa umbali wa mita 100, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Katika kiwango cha juu kabisa cha kelele, muda wa mama kupumzika ulipungua kwa asilimia 30, kasi yake ya kupumua ikawa maradufu, na mwendo wake ukaongezeka kwa asilimia 37. Kwa kelele ya chini hawakuonyesha mabadiliko hayo. Umbali ulikuwa uleule. Kwa hiyo, ndugu BotiMoja, unapochagua boti na injini, uliza ukimya wake kwa makini sawa na unavyouliza matumizi ya mafuta, na pangaboi lililopinda au kumenyeka kingo lirekebishwe upesi.

La mwisho ni mrundikano. Ziara moja yenye adabu haina uzito mkubwa, lakini mnyama yuleyule akitembelewa na boti tano kwa siku, kila moja ikitimiza kanuni, hesabu yake ni nyingine. Katika Shark Bay, pia huko Australia, watafiti walilinganisha maeneo ya pomboo kabla na baada ya idadi ya kampuni za utalii kuongezeka kutoka moja hadi mbili, wakakuta kwamba pomboo walipungua katika eneo la utalii, na mamlaka ikapunguza leseni kutoka mbili hadi moja. Boti mbili tu. Hili linanigusa sana kila ninaposikia mtu akisema kwamba bahari ni kubwa.

Ukitaka kuisaidia sayansi, weka daftari la kila safari: mahali, saa ya kufika na ya kuondoka, idadi ya wanyama, walikuwa wakifanya nini mlipofika na mlipoondoka. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu una madoa na makovu yanayomtofautisha kila mmoja, kwa hiyo picha ya mkia iliyopigwa wakati anazama, pamoja na tarehe na mahali, inaweza kumtambulisha mnyama huyo akionekana upande mwingine wa bahari. Lakini msimkimbilie kwa ajili ya picha ya mkia.

BotiMoja aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeamua kwamba mama na ndama tutawatazama kwa muda usiozidi dakika 20, na kwamba marejesho ya nauli yataandikwa kwenye tiketi. Nina maswali mawili yaliyobaki. Nikifika nikakuta boti tatu tayari ziko pale, nifanye nini wakati wageni wangu wanawaona kwa mbali na wanataka kwenda? Pia wapo walioniuliza kama wataruhusiwa kuogelea na nyangumi.

MwongozaWageni alijibu:

Kuogelea nitajibu kwa kifupi. Ziko nchi zinazoruhusu kwa leseni. Tonga, kwa mfano, huruhusu waogeleaji 4 tu pamoja na mwongozaji kwa wakati mmoja. Wewe unayeanza, na nyangumi wako ni mama na ndama, usiiingize huduma hiyo kabisa.

Swali la boti tatu lina majibu ya pwani na ya baharini. Pwani, zungumza na kampuni nyingine kabla ya msimu kuanza, mkubaliane kuitana kwa redio, kupanga foleni nje ya mita 300, na kila boti kufupisha muda wake pale nyingine inaposubiri. Wengi hukubali, kwa sababu hakuna nahodha anayefurahia kubanana. Baharini, usiwe wa nne. Waambie wageni ukweli wote kwa sauti yenye heshima: pale kuna mama na mtoto, boti tatu zinatosha, sisi tutasubiri au tutatafuta kwingine. Maelezo hayo hupokelewa vizuri mno ikiwa uliyatanguliza kabla ya kung'oa nanga. Mimi hutumia muda wa kutoka bandarini kuwaeleza wageni mama anaishije bila kula, kwa nini tunakaa mbali, na dalili gani zitatufanya tuondoke. Baada ya hapo wageni wenyewe huwa walinzi; nimewahi kumsikia mtoto akimwambia baba yake kwamba tumekaa vya kutosha.

Wape pia kitu cha kufanya wakati wa kusubiri. Darubini ziwe za kutosha, si moja ya kupokezana. Nunua maikrofoni ya chini ya maji na spika, kwa kuwa madume wa nyangumi wenye nundu huimba katika msimu huo, na nyimbo zao husikika kutoka mbali sana. Ukizima injini na kuishusha maikrofoni hiyo majini, wageni hunyamaza wote bila kuambiwa, na humsikia mnyama ambaye hata hawajui yuko upande gani. Hakuna aliyesogelewa, na hakuna anayeomba kusogea.

Usisahau usalama wa watu. Nyangumi akitokea upande mmoja, abiria wote hukimbilia huko. Oktoba 2015, karibu na Tofino nchini Kanada, boti ya kutazama nyangumi ilipinduliwa na wimbi na watu 6 wakafariki. Wengi wa abiria walikuwa wamekusanyika juu, upande mmoja. Kila mgeni awe na mahali pake, na nahodha aigeuze boti taratibu ili pande zote mbili zipate zamu ya kuona.

TeziNaOmo aliongeza:

Naunga mkono yote hayo, na kuna jambo moja ambalo halijaulizwa lakini litakukuta siku moja, kwa kuwa boti za kutazama nyangumi mara nyingi ndizo za kwanza kukutana nalo: nyangumi aliyenasa kwenye kamba au nyavu. Wageni watalia na kukuomba mumsaidie, na nahodha wako, akiwa mvuvi wa zamani, atakuwa na kisu na ujuzi wa kamba. Mkataze. Mnyama wa tani nyingi aliye na maumivu huua kwa pigo moja la mkia. Julai 2017, huko Kanada, mvuvi aliyekuwa na mafunzo na uzoefu wa kazi hiyo alifariki mara tu baada ya kumkata nyangumi kamba za mwisho. Tena, kukata kamba inayoelea nje humwondolea mnyama kile ambacho waokoaji wangekishika, na kumwachia ile iliyozama mwilini.

Tafuta sasa, kabla ya msimu, nani katika nchi yako anapokea taarifa hizo, na namba yake ibandikwe karibu na usukani. Siku hiyo ikifika, toa mahali ulipo, mwelekeo wa mnyama, rangi ya kamba na maboya, na sehemu ya mwili iliyonaswa, kisha piga picha ukiwa mbali. Ukiruhusiwa na hao waokoaji, na mafuta yako yakitosha, baki naye kwa umbali bila kumpoteza machoni mpaka wafike, hata kama ratiba ya safari ya mchana itaharibika, kwa sababu akishapotea hakuna atakayejua pa kumtafuta.